Lafudhi ya fidla ya Vassar Clements

Swali lenu la wiki hii: mwanamuziki akigusa mitindo mingi, hapotezi sauti yake? Nasema hapotezi, na shahidi wangu ni mpiga fidla Mmarekani, Vassar Clements.

Mimi nimekulia kwenye taarab. Fidla nilizozijua ni zile zinazotembea kwa pamoja nyuma ya mwimbaji. Nilipomsikia Clements mara ya kwanza nilishangaa fidla moja inavyoweza kujibizana na banjo, mandolini na gitaa kwa wakati mmoja.

Alizaliwa Florida mwaka 1928, akajifunza mwenyewe tangu ana miaka 7, kwa sikio tu. Mwaka 1949 alianza kupiga na Bill Monroe, baba wa blugrasi, muziki wa kasi wa vyombo vya nyuzi wa vijijini Marekani. Lakini sikio lake lilikuwa limeshashiba bendi kubwa za dansi za akina Glenn Miller na Benny Goodman, na kwangu siri yake iko hapo. Katika muziki unaokwenda mbio namna ile, yeye huchelewa kidogo kuingia, huuvuta uzi, huteleza juu yake kama mtu wa saksafoni, halafu hutua pale pale walipo wenzake. Nimerudia vipande vyake mara nyingi na bado ananipata.

Kuna miaka pombe ilimtenga na muziki. Kwa nyakati mbalimbali alikuwa fundi bomba katika kituo cha anga cha Kennedy, na kibarua wa kiwanda cha karatasi Georgia. Inaniuma kufikiria mikono ile ikikaza mabomba.

Aliporudi Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, mwaka 1967, milango ikafunguka. Alipiga na John Hartford, mwimbaji na mpiga banjo. Mwaka 1972 ikatoka albamu ya Nitty Gritty Dirt Band, ile iliyowaketisha vijana wenye nywele ndefu na wakongwe wa kantri kama Maybelle Carter na Doc Watson, naye yumo. Mwaka 1973 alikuwa San Francisco na Jerry Garcia wa bendi ya roki ya Grateful Dead, katika bendi ya blugrasi ya Old & In the Way. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 akatoa albamu yake, *Hillbilly Jazz*, na baadaye akarekodi na Stéphane Grappelli, bingwa Mfaransa wa fidla ya jazi.

Msikilize kote huko. Ni kama mzee wa Pemba anayejua Kiarabu, Kihindi na Kiingereza: akifungua kinywa tu, unajua katokea wapi.

Februari 2005 alipata tuzo ya Grammy, kwa kipande cha blugrasi alichopiga pamoja na Earl Scruggs, bingwa wa banjo, na wenzao. Agosti mwaka huo huo saratani ya mapafu ikamchukua, akiwa na miaka 77.