Omba muujiza, kisha nenda ukapime

Wakoma kumi walimpazia Yesu sauti wakiwa mbali, na jibu walilopata halikuwa "mmepona". Aliwaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Luka anasema walitakasika walipokuwa wakienda, yaani hatua za kwanza walizipiga ukoma ukiwa bado mwilini. Mahubiri mengi niliyosikia hukaa hapo, kwenye imani ya kuanza kutembea, na si vibaya. Mimi huvutwa zaidi na kule walikotumwa. Kwa torati, Walawi 14, kuhani ndiye aliyemkagua mtu aliyesema amepona ukoma. Alitoka nje ya kambi kwenda kumtazama, na hata baada ya kumtangaza kuwa safi, mtu huyo alikaa siku 7 nje ya hema yake kwanza. Yesu, anayeponya kwa neno tu, hakuona kwamba kukaguliwa ni kuidharau imani.

Haya nilijifunza kwa shangazi yangu kabla sijayaona kwenye Biblia. Mwaka 2011 nusu ya Tanzania ilikuwa inaelekea Loliondo, kaskazini mwa nchi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500, akisema Mungu ndiye aliyemwonyesha. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakalala barabarani, wagonjwa wengine wakafia kwenye foleni. Shangazi, mwenye kisukari cha miaka mingi, akapanda Koasta na wenzake wa kanisani. Hatukumzuia. Ungemjua shangazi usingeuliza kwa nini.

Alirudi amechakaa kwa vumbi, anaimba. Asubuhi yake, kabla hata ya chai, akapima sukari. Ilikuwa juu vilevile. Akameza vidonge vyake, akachukua jembe. Jumapili walipomwita mbele atoe ushuhuda alisema, "Namshukuru Mungu kwa safari njema. Kikombe nimekunywa, sukari bado ipo, mniombee." Hakuna aliyejua kama apige makofi au aseme amina.

Kwangu ule ni mmoja wa ushuhuda wenye imani kubwa niliowahi kusikia. Wapo wagonjwa walioacha dawa za kisukari na za VVU baada ya kikombe, wakiamini kwamba kuendelea kumeza ni kumtilia Mungu shaka. Kama umeombewa ukahisi nafuu, furahi, ila kabla ya kushika maikrofoni rudi kliniki na kadi yako, na dawa aziondoe daktari aliyekuandikia. Huwezi kujua ni nani kwenye viti vya nyuma anayekusikiliza akiwa na vidonge vyake kwenye pochi. Muujiza wa kweli hauharibiki kwa kupimwa.

Kuhusu maombi yenyewe sina mengi. Taja unachotaka. Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya macho ya watu wote, na bado Yesu alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Ukiona imani yako ni haba, mwambie Mungu hivyohivyo, kama yule baba wa Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanawe aliponywa kwa imani ya namna hiyo, yenye nyufa.

Pesa ndiyo alama ninayoitazama kwanza. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wake Elisha, aliyezikimbilia kwa siri aliondoka na ukoma. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na bei haitajwi popote. Ukiambiwa upande mbegu, yaani utoe sadaka, ya kiasi fulani ndipo ufunguliwe, shika njia ya nyumbani. Na ukiona umati unasukumana kugombea upako, kaa pembeni. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Sasa, ambaye hakupona. Hapa ndipo makanisa yetu huumiza watu: tunamuuliza mgonjwa ana dhambi gani iliyofichika. Paulo, ambaye hata leso zake zilipelekewa wagonjwa wakapona, aliomba mara 3 mwiba wake, yaani mateso ya mwilini mwake, uondolewe na haukuondolewa. Na Paulo huyohuyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Na katika 2 Timotheo 4 kuna mstari ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Paulo hasemi Trofimo, mwenzake wa safari, alikosa imani. Alikuwa mgonjwa, basi, na safari ikaendelea.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu aliyeombewa na bado yuko kitandani, usimpelekee orodha ya mistari ya uponyaji kila asubuhi; anaijua. Mwombee tena kama anataka, muulize siku ya kliniki ni lini, na kama nauli hana, mpe.