Mark X ya 2007 au Prado ya 2016?

Ndugu, nimekuelewa: unakaa Mbezi, kazi Posta, Desemba familia lazima ifike kijijini Njombe, na ukinunua Prado hubaki na akiba. Mimi ningechukua Mark X. Ile injini yake ya V6 (silinda sita) ya lita 2.5 inakula mafuta kwenye foleni, sikatai, ila spea ziko tele Kariakoo. Prado ya dizeli ya lita 2.8 ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Mizunguko mifupi ya foleni hulizibisha, na kulibadilisha ni hela ndefu.

Kama njia ya kijijini ni tope, hapo Mark X hapana: iko chini na nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Yoyote utakayochagua, nenda na fundi wako aipime kwa mashine na achungulie uvunguni, kisha hakiki kadi ya gari TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kulipa.