Nitrojeni inaanzia kwenye dramu, sio kwenye tangi: kwa mnaoanza kazi kwenye maji taka ya kiwanda cha ngozi

Wadogo zangu, nimeona tena vijana wapya wamesimama juu ya tangi la eresheni, lile la kupulizia hewa bakteria wanaosafisha maji, amonia imepanda, na wazo la kwanza kwao ni kuwasha bloa (mashine ya kupuliza hewa) nyingine. Kila mwaka hivyohivyo. Kabla hujagusa bloa shuka bimuhausi, kule ngozi mbichi zinakotolewa nywele na chokaa, ukaangalie kinachoingia kwenye dramu, lile pipa kubwa linalozungusha ngozi, nawaomba sana, nafoka kwa sababu nawapenda.

1. Nitrojeni nyingi tunainunua wenyewe. Yale magunia ya kutolea chokaa iliyoingia kwenye ngozi wakati wa kutoa nywele ni SA (amonium salfeti), ileile mbolea ya SA ya shambani, asilimia 21 ni nitrojeni. Ukimwaga kilo 25 kwa tani moja ya ngozi umeshaweka zaidi ya kilo 5 za nitrojeni na karibu yote inatoka na maji, maana ngozi haina shida nayo, tunachotaka ni chokaa iyeyuke itoke tu. Ikifika mtoni inaendelea kuwa mbolea, inalisha mwani na magugu, na pH ikiwa juu amonia inaua samaki. Walio Athi River hasa wakumbuke Mto Athi hauishii hapo, unateremka mpaka Tsavo, unakuwa Galana halafu Sabaki, unaingia baharini karibu na Malindi, na njia yote hiyo kuna watu wanachota maji na kunywesha mifugo.

2. Kaboni dioksidi inaweza kuchukua nafasi ya SA. Kwa ngozi za mbuzi na kondoo inafanya kazi vizuri, kwa ng'ombe ngozi ni nene gesi inachelewa kupenya, kwa hiyo pasueni ngozi kwanza, maji yawe ya uvuguvugu na muda uongezwe, au changanyeni gesi na SA kidogo. Lakini sikilizeni hapa. pH ikishuka na salfaidi (dawa ya kutolea nywele) bado imo kwenye dramu inatoka haidrojeni salfaidi, hiyo gesi inaua mtu, na ikizidi pua inaacha kabisa kuisikia. Malizeni salfaidi kwanza kwa haidrojeni peroksaidi, na asichungulie mtu mlangoni mwa dramu bila kipimo cha gesi.

3. Nywele. Nywele ni protini, ukiziyeyusha kwa salfaidi mpaka ziwe uji umeyeyusha nitrojeni, na hapa ndipo tuliumia vibaya sana. Tulipunguza SA, tukapima amonia ya maji yanayoingia ikawa imeshuka kweli, tukafurahi, tukamwandikia bosi ripoti, tukapunguza bloa za usiku ili kuokoa umeme. Tulikuwa tunapima amonia peke yake kwa sababu kiti yake ya kupimia ni ya haraka, TKN (kipimo cha nitrojeni ya amonia pamoja na ile iliyofungwa kwenye protini) ilibidi ipelekwe maabara ya nje na hakuna aliyetaka kusubiri. Kumbe nywele zote zilikuwa zinaingia zimeyeyuka, bakteria wanaivunja ile protini ndani ya tangi na kuachia amonia, basi ikawa amonia inayotoka ni kubwa kuliko inayoingia!! Tulilaumu chupa za sampuli, tukalaumu kiti, tukabadilisha kiti, tukagombana na shifti ya usiku ambayo haikuwa na kosa lolote, na muda wote huo jibu lilikuwa linaonekana kwa macho kwenye ule uji wa nywele. Tulipokuja kurudisha hewa bakteria wa kubadilisha amonia walikuwa wamekwisha, na hao wanakua taratibu mno, ilichukua wiki nyingi wakarudi na wiki zote hizo maji yalikuwa yanatoka hivyohivyo. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu kipimo kimoja cha TKN mapema kingetuokoa.

Kwa hiyo okoeni nywele: chokaa kwanza ikaze unywele, salfaidi ifuate iyeyushe mzizi, halafu chujeni wakati dramu bado inazunguka, mkichelewa zinayeyuka. Na pimeni TKN kwenye maji yanayoingia, yanayotoka pimeni amonia, pamoja na naitraiti na naitreti ambazo bakteria wanaibadilisha amonia kuwa.

4. Kila kilo ya nitrojeni ya amonia inakula kama kilo 4.6 za oksijeni na kilo 7 hivi za alkali (ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti), kwa hiyo pH ikianza kuanguka tangini msishangae, ongezeni alkali.

5. Salfaidi ioksidishwe kabla ya kufika kwa bakteria, inawadhoofisha.

6. Kubadilisha amonia kuwa naitreti ni nusu ya kazi, rudisheni maji kwenye tangi lisilo na hewa ili bakteria wengine waigeuze naitreti kuwa gesi ya nitrojeni, na msiondoe uchafu wote kwenye tangi la kutuamisha maana hao bakteria wa kuondoa naitreti wanahitaji chakula.

7. Mkishuka bimuhausi msalimieni fundi wa dramu vizuri, amekaa na ngozi miaka mingi kuliko sisi wote, halafu muulizeni taratibu kama SA anaipima kwa mizani au kwa ndoo. Mara nyingi ni ndoo, na ndoo huwa inajazwa mpaka juu. Mleteeni mizani.