Phoibe hakuniuliza

Wiki hii mmeuliza ni mhusika gani mdogo wa gemu ambaye hatutoki akilini. Wangu ni Phoibe, yatima wa Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018, gemu ya Ugiriki ya 431 KK, Athens na Sparta zikiingia vitani. (Ambaye hajaimaliza aishie hapa.)

Unamkuta mwanzoni kabisa, kisiwani Kephallonia, kakuganda kama ruba, anataka naye awe mamluki. Ukiondoka kisiwani unadhani mmeagana. Ukifika Athens, huyu hapa, ni mtumishi nyumbani kwa Aspasia, mwenzi wa Perikles, kiongozi wa Athens! Nilicheka peke yangu. Baadaye tauni ikauingia mji, nikamkuta amelala chini, amekufa.

Gemu hii inakupa uamuzi karibu kwenye kila jambo. Kule Kausos, kijiji cha Kephallonia, kuna familia ya wagonjwa: wauawe au waachwe, kazi kwako, na ukiwaacha ugonjwa unaenea kisiwani. Kwa Phoibe huulizwi. Nilirudi nyuma mara mbili nikidhani nimechelewa mahali. Wapi!

Lawama yangu ni moja. Hakufa kwa tauni, aliuawa na walinzi wa kikundi cha siri, na walinzi wenyewe wako palepale uwafyeke hasira ikushuke. Hata Perikles kachinjwa na adui, wakati kwenye historia tauni ndiyo iliyomwondoa, 429 KK. Thucydides, mwanahistoria wa wakati ule aliyeugua mwenyewe akapona, anaandika jinsi watu walivyolala wanakufa mmoja juu ya mwingine. Ugonjwa huo huna wa kumlipizia kisasi. Wangeniacha nimesimama hapo na upanga wangu, sina wa kumpiga.

Ni yeye aliyenifanya nisome habari za tauni hiyo. Miaka ya 1990, wakitayarisha kituo cha treni ya chini ya ardhi huko Kerameikos, Athens, walifukua kaburi la halaiki la wakati ule. Humo mlikuwa na fuvu la msichana wa miaka kama 11. Wataalamu wakalifinyangia uso na kumpa jina Myrtis, kwa kuwa lake halijulikani.

Nilimwonyesha mdogo wangu ile picha, yeye ndiye mwenye PlayStation. Akaiangalia, akaniuliza, "Ndiye yule?"

Nikamwambia ndiye.