Mtoto wa ziwani Kigoma anaweza kufika mashindano ya kimataifa?

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 13 hapo Kibirizi, anayewaacha wenzake wote ziwani, anaweza kuwa mwogeleaji wa kimataifa. Pumzi anayo tayari, anachokosa ni ukuta. Mita 1,500 kwenye bwawa la mita 50 zina migeuko 29, na kila mgeuko ni msukumo wa miguu. Mtoto wa ziwani akiletwa bwawani hugusa, husimama, kisha hugeuka. Mwenzake kashajisukuma zamani, yuko chini ya maji, maana kwenye mtindo huru (freestyle) anaruhusiwa hadi mita 15.

Kwanza mpime muda. Chukua futi kamba ya fundi, si kamba ya nailoni, hiyo ikilowa inavutika. Pima mita 50 sambamba na ufuko, maji ya kifuani, kila mwisho funga dumu tupu la lita 5 kwenye jiwe. Afanye asubuhi, upepo haujaanza, tena kwenda na kurudi, la sivyo wimbi litakudanganya. Hesabu pia mikono anayopiga kila mita 50: akianza na 45 akamalizia 60, mtindo umeharibika njiani.

Kosa kubwa la watoto wa ziwani ni kuogelea kichwa juu. Kichwa kikipanda, makalio yanashuka na miguu inakuwa nanga. Atazame chini, avutie pumzi pembeni jicho moja likiwa majini, na aitoe kidogo kidogo humohumo majini. Mpe mita 50 mara 8, apumzike sekunde 30 kila baada ya moja. Kichwa kikianza kupanda, mtoe. Akiendelea anazoea kosa.

Mdomo wa mto Luiche na penye matete mkataze kabisa: mamba, na kichocho.

Likizo apelekwe Dar, klabu iliyo chini ya chama cha kuogelea, kwa sababu muda wa ziwani hautambuliwi popote. Nchi isiyo na waliofikia viwango vya Olimpiki inaweza kupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Paris 2024 tulikuwa na Collins Saliboko na Sophia Latiff. Ila kuingia ni kitu kimoja, kushinda ni kingine: hapohapo Paris, Mchina Pan Zhanle alimaliza mita 100 za mtindo huru kwa sekunde 46.40.

Mimi ningemtazamia maji ya wazi, yaani mbio za nje ya bwawa kama ziwani au baharini, kilomita 10, mchezo wa Olimpiki tangu 2008. Huko hakuna ukuta. Macho huinuliwa kidogo tu kila baada ya mikono 8 au 10, kutafuta boya. Sheria inataka atimize miaka 14 ndani ya mwaka huo, kwa hiyo anao muda. Akianza mazoezi ya masafa, mtumbwi umfuate, na mpiga kasia awe anajua kuogelea.