Kabati la sinki bafuni kuvimba kwa chini

Pole dada, umeuliza kama kabati lako la sinki lililovimba chini linaweza kurekebishwa, na ukoko mweupe wa kwenye koki utolewe vipi. Kabati la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) likishavimba pale chini mpaka milango ikagoma kufunga, hata lipakwe rangi ya mafuta mara ngapi, halirudi. Maji hayakupitia usoni penye laminati, ile ngozi ngumu ya juu. Yalipitia kingo zilizokatwa, hasa ile ya chini inayogusa sakafu, ambayo mafundi wengi huiacha wazi kwa kuwa haionekani.

Kabla ya kununua jipya, pangusa bomba na maungio yote chini ya sinki yakauke, kisha zungushia tishu na ufungue maji. Palipovuja patalowa. Mwite fundi bomba kwanza, seremala baadaye.

Kabati jipya agiza la marine board (plywood inayostahimili maji), lipande kwenye miguu ya plastiki au lining'inizwe ukutani, usafishaji wa sakafu usilifikie. Simama hapo fundi akiziba kingo zote, pamoja na tundu la kupitishia bomba, halafu apige silikoni pale sinki inapokutana na ukuta. Mwambie achague ile ya bafuni isiyoshika ukungu.

Ule ukoko mweupe kwenye koki ni chumvi ya maji ya kisima. Siki au ndimu inautoa, ila isiguse terazo wala marumaru halisi, itakula mng'ao. Na tafadhali, jiki usichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi: inatoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja tu.