Tovuti mpya ya chama: anzeni kukagua fomu ya kujiunga

Siku ya uzinduzi tovuti ya chama huonyeshwa ukutani kwa projekta, kwa intaneti ya makao makuu, na anayebonyeza ni mtu anayeifahamu. Kila kitu kinafunguka. Kesho yake mwanachama wa kata anaifungua kwa simu ndogo, jua linapiga kwenye kioo, bando limebaki MB 80, na anakwama mahali ambapo ukumbini hapakuguswa kabisa. Haya tunawaandikia idara za habari za vyama na mafundi wao. Makosa ni yaleyale chama baada ya chama, na mengi hayahitaji kujenga tovuti upya.

Anzeni na fomu ya kujiunga, kwa sababu hapo ndipo chama kinapompata mtu au kumkosa.

Chukua namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho zimepangwa kwa mafungu ya 8, 5, 5 na 2 yaliyotenganishwa kwa vistari. Fundi anatengeneza kisanduku kinachopokea herufi 20 tu. Mwombaji anaandika kama anavyoona kwenye kadi, vistari navyo vinahesabiwa, na akimaliza fungu la tatu kisanduku kimejaa. Tarakimu mbili za mwisho haziingii. Akibonyeza "Tuma" anaambiwa "Namba si sahihi". Anatazama kadi yake, anarudia, anapata jibu lilelile, anaacha. Dawa ni kupokea hata herufi 30, kuondoa vistari na nafasi kwenye seva, kisha ndipo kuhesabu kama zimetimia 20.

Tena ihifadhiwe kama maandishi. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi inazigeuza sifuri. Katibu wa mkoa akipakua orodha na kuifungua humo, tarakimu tano za mwisho za kila mwanachama zinakuwa 00000, na akishahifadhi faili hiyo juu ya ile ya awali, zimepotea. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo kwa njia hiyohiyo. Kwa simu, kubalini 0712, 255712 na +255712. Mfumo uchukue tarakimu tisa za mwisho na kuongeza 255 wenyewe. Usimlazimishe mtu kujua ninyi mnapenda ipi.

Kwenye majina, fomu nyingi hukataa chochote kisicho herufi. Basi kila mwenye jina lenye ng' anafukuzwa mlangoni kwa sababu ya ritifaa, na aliyeko kata ya Ng'ambo, Tabora, hawezi kuandika anakoishi. Ikubalini alama hiyo kwa maumbo yake yote mawili, ile iliyonyooka na ile iliyopinda, kwa maana baadhi ya simu huipinda zenyewe. Kata zenyewe msizimwage zote kwenye orodha moja. Nchi ina karibu 4,000, na kidole kitachoka. Mtu achague mkoa kati ya 31, kisha wilaya, kisha kata.

Kosa likitokea, ujumbe ukae chini ya kisanduku chenyewe, useme nini kifanyike: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20, umeandika 18." Vilivyokwisha kujazwa visifutwe. Na maonyo yanayoletwa na kivinjari hutokea kwa lugha ya simu, ambayo mara nyingi ni Kiingereza, kwa hiyo andikeni ya kwenu kwa Kiswahili.

Kabla ya yote hayo jiulizeni kama NIDA mnaihitaji kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa awe na sababu nazo, na orodha ya wanachama wa chama ni mali nyeti: inaonyesha mtu anasimama wapi kisiasa. Pia mtumieni mwombaji tarakimu za uthibitisho kwa SMS kabla jina lake halijaingia kwenye daftari. Kenya, mwaka 2021, watu wengi walipotazama kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Ile hasira yao ilikuwa ya haki.

Rangi huleta ubishi mkubwa kuliko yote, kwa kuwa ni za bendera. Maandishi ya kawaida yanahitaji uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya herufi na mandhari yake. Njano kali juu ya nyeupe ni 1.07, yaani karibu haionekani. Chungwa yenye msimbo wa rangi #FFA500 juu ya nyeupe haifiki 2. Nyeupe juu ya nyekundu kali inakaribia 4, inafaa kwa kichwa cha habari kikubwa tu. Kijani #008000 juu ya nyeupe ni kama 5.1, hiyo inasomeka. Bendera ibaki kwenye nembo, ukingo na vitufe. Aya ziwe nyeusi juu ya nyeupe.

Picha za viongozi zinazopita juu ya ukurasa wa kwanza ndizo zinazokula bando. Picha tano zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, MB 4 kila moja, ni MB 20, robo ya bando la yule mwanachama kabla hajasoma neno. Weka picha moja, upana pikseli 1200, muundo wa WebP, isizidi KB 150. Mahali zilipokuwa nyingine wekeni vitufe vitatu: Jiunge, Ilani, Ofisi ya wilaya yako.

Ilani iliyopigwa skani ni picha ya karatasi. Mtu akitafuta neno "maji" ndani yake hapati kitu, na asiyeona hasomewi chochote. Iwekeni kama kurasa za kawaida kwa mada, PDF ibaki kwa anayetaka kuchapisha. Kwenye msimbo wa kila ukurasa lugha itajwe kuwa sw, yaani Kiswahili. Kiolezo kilichonunuliwa huja kimeandikwa en, yaani Kiingereza, na programu ya kusoma kwa sauti hutamka Kiswahili chenu kwa matamshi ya Kiingereza hadi hakieleweki.

Kwa ukaguzi, tafuteni watu watano wasiohusika na ujenzi, angalau mmoja wa umri wa mzee wa tawi. Simu ya bei ndogo, data ya kawaida, Wi-Fi imezimwa. Mpe kila mmoja kazi tatu: jiunge na chama, tafuta simu ya ofisi ya wilaya yako, soma ilani inasemaje kuhusu maji. Kaeni kimya. Mkaguzi akianza kuelekeza, "bonyeza hapo juu mama," jaribio limekwisha. Andikeni alipokwama na neno alilotamka alipokwama, kwani mara nyingi neno hilo ndilo linalofaa kwenye kitufe.

Baada ya "Tuma", mwombaji apate SMS yenye jina la tawi lake, namba ya ombi, na simu ya katibu atakayempokea. Hiyo simu mpigieni katibu ninyi wenyewe kwanza, muone kama inaita.